Tablo ndogo ya mama mulimi: rangi iko bien, kadre hapana

Nilinunua hii tablo mu atelie moja ya hapa Lubumbashi, ni ya rangi ya mafuta, kadogo tu sawa kaye ya masomo, mama mulimi anaangalia pembeni. Ukiiona mbali unazani ni brauni tupu, ukaribie sasa: kivuli ya shavu fundi hakutia nyeusi, alitia kijani na violeti kiloko, njo maana ngozi inaishi. Kitambaa ya kichwa ni buluu na nyuma yote ni rangi ya udongo yetu mwekundu, basi buluu inatoka yenyewe. Na kichwa haiko katikati, aliisukuma kushoto, kitambaa inakatwa na ukingo ya juu, ile nafasi ya kuume yenye alibakisha wazi njo macho yake inaenda, hapo fundi alifikiri kweli. Si stili ya Hangar, ile atelie ya zamani ya hapa Lubumbashi, na ndege za muchoraji wake Pili-Pili Mulongoy, inanikumbusha zaidi vichwa vya walimi muchoraji Van Gogh alichora kule Nuenen, Uholanzi, mu 1885, giza-giza vile. Kinywa tu alifanya mbio-mbio. Kadre ni ya bure, kona zinaachana! Na musiifunge mu plastiki, mafuta inakauka polepole, inaweza kupitisha miezi.