Kukata tawi au kukwanyua kirukia?

Mwenye mlimau au mparachichi ulioshikwa na kirukia, mmea unaoota juu ya matawi ya miti na kuinyonya, huwa na njia mbili: kukata tawi zima, au kukwanyua mmea huo na kuliacha tawi.

Kwa gharama, kukwanyua kunashinda, kwa kuwa kunahitaji mkono na ngazi tu, na tawi lenye matunda linabaki. Kwa uhakika, mambo hugeuka. Kirukia hujitengenezea sukari kwa majani yake ya kijani, lakini maji na madini huyanyonya kwa kiungo kilichojipenyeza ndani ya mbao za mti, na sehemu hiyo isipotoka huweza kuchipua upya. Ndiyo maana tawi hukatwa sentimita 30 hivi chini ya pale kiliposhika. Hata hivyo, kirukia kikiwa kwenye shina kuu, msumeno ungeumaliza mti wenyewe, hivyo hubaki kukwanyua mara kwa mara, kazi ya kuchosha lakini inayozuia matunda ya kirukia yasiive. Ndege hula matunda hayo na kuacha mbegu zenye ulimbo kwenye matawi mengine.

Msituni sioni sababu ya kuharakia panga. Nchini Australia, utafiti wa David Watson na mwenzake uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba misitu iliyoondolewa virukia ilipoteza takriban moja ya tano ya spishi za ndege. Mwenye miti michache ya biashara ana hesabu tofauti: tawi jembamba likatwe mapema, nene lipimwe kwa mavuno yake.