Uzoefu wangu na programu ya mazoezi ya jiometri: "Taarifa zinatosha?"

Nimeitumia programu hii ya simu kwa wiki sita. Kila swali linakuja na taarifa mbili, na huulizwi jibu bali kama jibu linapatikana. Machaguo ni yale yale matano: A, ya kwanza pekee inatosha; B, ya pili pekee; C, mpaka ziungane; D, kila moja peke yake inatosha; E, hata zikiungana hazitoshi.

Nilichokipenda: taarifa ya pili imefichwa mpaka uihukumu ya kwanza, na ikifunuliwa, ya kwanza nayo inafichwa. Wengi huanguka kwa kuzichanganya hizo mbili. Mfano, pembe kubwa kabisa ya pembetatu pacha (yenye pande mbili sawa) ni nyuzi ngapi? Taarifa ya 1: pembe mojawapo ni nyuzi 40. Ya 2: pembe mojawapo ni nyuzi 100. Ya kwanza inakubali pembetatu mbili, 40-70-70 na 40-40-100, kwa hiyo haitoshi. Ya pili inakubali moja tu, maana pembe mbili za 100 zinapita 180. Jibu ni B. Anayeisoma ya pili huku 40 bado imo kichwani huchagua C.

Maelezo ya majibu ndiyo yanayoniudhi. Wanataka eneo la mstatili. Taarifa ya 1: mzingo ni 28. Ya 2: ulalo (mstari wa kona hadi kona) ni 10. Maelezo yanahangaika na mlinganyo wa kipeo cha pili hadi yapate 6 na 8. Kazi bure! Urefu na upana jumla yake ni 14, na mraba wa jumla hiyo ni mraba wa ulalo kuongeza eneo mara mbili; basi 14² − 10² = 96 ndiyo eneo mara mbili. Hata hiyo 96 si lazima uitafute: ukishaona eneo linapatikana, weka C, songa mbele. Tena mlinganyo ule unatoa namba mbili, na anayeanza anaweza kudhani ni mistatili miwili, kumbe 6 kwa 8 na 8 kwa 6 ni kitu kimoja.

Michoro nayo inadanganya. Pembetatu mraba (yenye pembe ya nyuzi 90) yenye upande mrefu wa 10 imechorwa kama ya 6 na 8, eneo 24. Lakini pande fupi zikiwa sawa, eneo ni 25. Funika mchoro kwa kidole, uchore wako, kisha jaribu kuupinda bila kuvunja taarifa. Ukipindika na jibu likabadilika, hazitoshi.

Sehemu ya duara unaweza kuiruka: ukipewa kipenyo, mzingo au eneo, vingine vyote unavyo.

Nyota tatu kati ya tano. Wakiruhusu kuzima michoro, naongeza ya nne.