Spitfire Mk.IX ya Eduard, skeli ya 1/48: boksi la wasiosikia la mwadhini

Ndege hii, modeli ya plastiki ya ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili iliyopunguzwa mara 48, ikikamilika ina milimita 234 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili. Inatosha kwenye sinia la chai. Ila kabla haijafika hapo, boksi la ProfiPACK, toleo lililosheheni la Eduard, litakuwa limeteka meza ya chakula, taa ya kusomea, kibano cha nyusi cha mama watoto na subira ya kila anayelala nyumba hiyo.

Eduard ni kampuni ya Jamhuri ya Czech iliyoanza mwaka 1989, na jina lake limejengwa na vipande vya chuma chembamba vinavyochongwa kwa asidi. Spitfire hii ilitoka 2013. Kuelewa imetengenezwa kwa ajili ya nani, kumbuka yaliyoikuta ndugu yake, modeli ya ndege ya Kijerumani Messerschmitt Bf 109G-6, iliyotoka mwaka uliofuata. Watu walitoa rula, wakapima, wakakuta mabawa yamezidi kwa milimita chache. Mtu wa kawaida angekaa na modeli ile mwaka mzima bila kugundua chochote. Wateja hawa waligundua wiki ileile, kelele zikawa kelele, na mwaka 2016 kampuni ikatoa ndege iliyochongwa upya. Hao ndio wanunuzi, na ukinunua boksi hili umejiandikisha kwao.

Ndani kuna fremu za plastiki zilizoshika vipande, fremu ya vioo, bamba la chuma lililokwisha kupakwa rangi, maskintepu iliyokatwa tayari kwa ajili ya kifuniko cha rubani, na dekali, yaani alama za kubandika kwa maji, za ndege kadhaa za kuchagua moja. Uchongaji wa plastiki ni wa hali ya juu: mistari myembamba, na ribiti zimejaa mwili mzima kama upele. Hapa ubishi unaanza. Kitundu cha ribiti chenye milimita 0.3 kwenye skeli hii ni sawa na milimita 14 na ushei kwenye ndege halisi, yaani rubani angeweza kuingiza ncha ya kidole. Wapo wanaozipenda hivyohivyo, wapo wanaozijaza praima mpaka zififie, na wapo wanaozihesabu. Hao wa mwisho wasalimie tu, upite.

Plastiki nyingi utaibakiza. Mk.IX, yaani Spitfire toleo namba tisa, ilibadilika kadiri vita vilivyoendelea: usukani wa mkia wa duara na wa ncha kali, mdomo wa hewa mfupi na mrefu, vinundu vipana na vyembamba juu ya mizinga, magurudumu ya aina zaidi ya moja. Eduard ameweka vingi vya hivyo kwenye fremu zilezile. Chagua ndege yako kwenye karatasi ya rangi kabla ya kukata chochote, kisha pitia maelekezo na kalamu nyekundu ufute namba zote zisizokuhusu. Usipofanya hivyo, utajikuta na usukani wa mwaka 1944 kwenye ndege ya 1942, na kuna mtu atakuambia. Hata kama hukumuuliza. Hasa kama hukumuuliza.

Osha fremu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, acha zikauke, halafu ingia chumba cha rubani, ambako ndiko nusu ya bei ya boksi imezikwa. Dashibodi ni tabaka za chuma: la chini lina sura za geji, la juu lina matundu. Supagluu hapa ni balaa, ikipenya kwenye tundu inafunika geji na huirudishi tena. Bandika kwa vanishi ya akriliki inayong'aa, ambayo itakupa dakika chache za kusogeza. Ikishakauka, dondosha tone moja la vanishi ileile kwenye kila geji kwa kijiti cha meno, nalo litakuwa kioo. Matokeo yanavutia sana ukiyatazama kwa kikuza-macho.

Mikanda ya kiti nayo ni ya chuma. Kwa kuwa imepakwa rangi tayari huwezi kuipasha moto ili ilainike, rangi itaungua. Ikunje taratibu kwenye mpini wa brashi nyembamba, ilale kwenye kiti kama kitambaa kilichotupwa, siyo kama rula. Supagluu ipake kwa ncha ya sindano. Tone linaloonekana kwa macho tayari limezidi.

Kiti chenyewe kina kesi yake. Viti vingi vya Spitfire vilikuwa vya karatasi iliyokamuliwa na resini, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Vingine vilikuwa vya chuma, vikipakwa kijani-kijivu cha ndani. Ukipaka kahawia, mmoja atakuuliza picha yako iko wapi. Ukipaka kijani, atakuja mwingine. Kisha utafunga kifuniko cha kioo, na kiti hakitaonekana tena na mtu yeyote.

Sasa zulia. Kila anayejenga modeli anajua kuwa zulia linakula vipande, na kwa boksi hili litashiba. Wenzo wa chuma wenye urefu wa milimita mbili ukibanwa na kibano kwa nguvu kidogo tu hutoa mlio wa "ting", na hapo umeshaondoka. Sababu ni kibano chenyewe: meno yake yasipokutana sawasawa, kipande kinateleza na kurushwa. Kata chuma juu ya kigae au kipande cha kioo, kwa wembe wa duara unaoubingirisha, siyo mkeka laini unaoacha chuma kipinde. Funika kipande kwa maskintepu kabla ya kukata. Vile vidogo kabisa vikatie ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Kikiruka bado, zima taa ya juu, laza tochi sakafuni imulike kwa upande, utafute kivuli badala ya kipande chenyewe. Hatua ya mwisho ni soksi nyembamba ya kike iliyovalishwa kwenye mdomo wa mashine ya kuvuta vumbi. Kwa njia hiyo utapata hereni, punje ya mchele na wenzo wa ndege uliyojenga kabla ya hii. Ule unaoutafuta, mara nyingi hutoka siku mwingine mpya ukishachongwa.

Mwili wa ndege unaungana vizuri, isipokuwa sehemu tatu. Ya kwanza ni mashimo ya magurudumu. Eduard ameyajenga kwa kuta za vipande vipande badala ya kumimina shimo zima, na ukuta mmoja ukikaa mshazari kwa unene wa karatasi, bawa la juu na la chini hayafungi. Usizigandishe kuta peke yake. Bana bawa la chini na la juu kwa tepu bila gundi, sogeza kuta mpaka zitulie, ndipo utie gundi nyepesi kwa brashi. Ya pili ni maungio ya bawa na mwili: ukiona ufa, usikimbilie puti. Kata kipande cha fremu, kipachike ndani ya mwili kama mhimili unaosukuma pande mbili nje, jaribu, punguza kwa msasa, jaribu tena. Ufa utajifunga wenyewe.

Sehemu ya tatu ni kifuniko cha juu cha injini, na hapa Eduard hana utetezi. Ndege halisi ilikuwa na bati moja pale. Boksi linakupa nusu mbili, na mshono unapita katikati ya pua, mahali pa kwanza jicho linapotua. Jaza kwa supagluu na uanze kusugua ndani ya saa moja, kwa sababu ikilala usiku kucha inakuwa ngumu kuliko plastiki na msasa utakula pembeni badala ya mshono. Anza na msasa namba 600, malizia na 1500. Ribiti zilizofutika zirudishe kwa sindano, ukiongozwa na ukanda wa tepu ngumu. Ni kazi ya jioni nzima kwa ajili ya sentimita chache, na maelekezo yanaipitia kwa mshale mmoja.

Kuhusu gundi: ile nyepesi ya Tamiya yenye kifuniko cha kijani, chupa ya mililita 40, ndiyo inayofaa. Inakimbilia yenyewe kwenye ufa. Inakimbilia pia chini ya kidole ulichoshikia ndege, na alama ya kidole itabaki kwenye bawa kwa ubora ambao polisi wangeupenda. Shika mbali na mshono, au bana kwa tepu. Chupa hiyo ina tabia ya kuanguka ikiwa wazi tu. Igandishe kwenye kipande cha ubao. Kwa anayeagiza kutoka nje, gundi za aina hii na rangi za laka ni vimiminika vinavyowaka, posta ya anga haivipokei. Panga kutumia rangi za akriliki za maji, gundi itafute dukani ulipo.

Rangi za juu ni kijivu cha Ocean Grey na kijani cha Dark Green, chini ni Medium Sea Grey, mkanda wa nyuma na pua ya propela ni Sky. Hiyo Sky imevunja urafiki mwingi. Si bluu, si kijani, na kila kampuni ya rangi ina yake. Nunua moja, funga mjadala. Wajenzi wa Dar, Mombasa au Muscat wana adui mwingine: unyevu. Vanishi ya laka ikipuliziwa hewa ikiwa na unyevu mwingi hupata ukungu mweupe, kwa kuwa kiyeyushi kinapovukiza hupoza uso na maji ya hewani yanatua juu yake. Puliza alasiri jua likiwa kali, siyo usiku wala alfajiri. Na akriliki ikikaukia kwenye pua ya brashi ya hewa, ongeza matone ya dawa ya kuchelewesha kukauka, usiongeze presha.

Maskintepu zilizokatwa zinastahili sifa bila kinyongo. Zinakaa barabara na zinaokoa saa nyingi. Kioo chenyewe kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, kwani mvuke wa supagluu hukigeuza kuwa dirisha la bafuni.

Halafu zinakuja dekali ndogo za maelekezo ya mafundi. Kuna karatasi nzima ya hizo, nyingine ni herufi "W/T" ambazo hata mwenye macho mazuri huziona kama vumbi. Zipo za chini ya tumbo, ambako ndege ikishasimama hakuna atakayepatazama. Ziweke juu ya vanishi inayong'aa, kwa sababu kwenye uso mkavu wenye chembe, hewa inanasa chini ya utando na dekali inang'aa kama magamba ya dagaa. Dawa ya kulainisha itaifanya ijikunje vibaya dakika chache. Usiiguse. Itajinyoosha. Wengi huharibu hapo, kwa huruma.

Tununue lipi basi? ProfiPACK ni la anayekusudia kuacha kifuniko cha rubani wazi. Ukitaka kukifunga, chukua toleo la Weekend la ndege ileile: plastiki hiyohiyo, bila chuma wala maskintepu, kwa bei ndogo. Overtrees ni fremu tupu, kwa wenye dekali zao. Na jihadhari na ukurasa wa Brassin, ambako Eduard huyohuyo anauza magurudumu na mabomba ya moshi ya resini kuboresha boksi aliloliita kamili. Vichache tu vya hivyo na gharama imeipita ndege. Ni bora kuliko yale ya plastiki? Ndiyo, na hilo ndilo tatizo.

Mrija wa kupimia kasi ya hewa uko chini ya bawa la kushoto. Maelekezo yanauweka mapema, usitii. Ukibandikwa kabla ya rangi utavunjwa na mkono wa shati, halafu na kitambaa cha kufutia vumbi. Uache uwe kipande cha mwisho kabisa. Waliochoka nao hununua wa shaba kutoka kampuni ya Master ya Poland, ambao hauvunjiki. Unachoma kidole.