Mbwa akinguruma: kumkaripia au kumpa nafasi?

Mbwa anakula, mtoto anapita karibu. Mbwa anakaza mwili, anainamia bakuli, weupe wa jicho unaonekana pembeni, kisha ananguruma.

Wengi humfokea au kumpiga. Mngurumo hukoma hapo hapo, na hilo ndilo linalowadanganya watu: hofu ya kunyang'anywa chakula imebaki palepale, alichojifunza ni kuacha kuonya tu. Mbwa wa aina hii ndiye anayesemwa "aliuma ghafla".

Kumpa nafasi huchukua muda, lakini ndiyo njia tunayoipendekeza. Mwondoe mtoto, usimkodolee mbwa macho. Kuanzia hapo mlishe mahali patulivu, mlango umefungwa. Baadaye mtu mzima apite kwa mbali, pale ambapo mbwa haachi kula wala hakazi mwili, amrushie kipande cha nyama na kuendelea na njia yake. Sogea kidogo kidogo kwa siku nyingi. Akikaza mwili, umekaribia mno, rudi nyuma.

Aliyekuwa mpole akaanza kunguruma ghafla apelekwe kwa daktari wa mifugo, maana jino au sikio linalouma hubadili tabia. Akishamuuma mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.