Kitabu cha sauti cha hadithi fupi: ya Chekhov nimeipenda mno, ya Chopin wameniharibia

Jamani nimemaliza kusikiliza hiki kitabu cha sauti, kwenye jalada wameandika ni hadithi za kuchekesha na kweli nimecheka, ila ile ya kwanza ilipoisha nilizima simu nikakaa kimya kama dakika 5 hivi, sikutaka kusikia kitu kingine.

Ni ile ya 1883 ya Chekhov, mwandishi wa Kirusi, ya karani na chafya. Chervyakov, jina ambalo kwa Kirusi linatokana na mnyoo, yuko zake ukumbini anaangalia mchezo, mara chafya hiyo, mate yanamrukia mzee aliyekaa mbele yake kumbe ni jenerali. Anaomba radhi, anaambiwa hamna neno. Anaomba tena. Wakati wa mapumziko anamfata tena, kesho yake anamfata mpaka kazini kwake, keshokutwa tena, jenerali uvumilivu unamshinda anamfukuza kwa ukali, karani anarudi nyumbani, anajilaza kwenye kochi na sare yake ya kazi vilevile, anakufa. Imeisha.

Sasa msomaji wa hii anastahili pongezi. Anasoma kwa sauti moja mwanzo mwisho, kile kifo anakitamka kama alivyotamka chafya, hakuna kuvuta maneno wala kukwambia hapa huzunika. Ndo maana inauma. Wewe bado una kicheko mdomoni afu mtu keshakufa, unaanza kurudi nyuma, yani jenerali alishasamehe tangu dakika ya kwanza, huyu kauawa na woga wa vyeo aliofundishwa mpaka akisamehewa haamini, na mimi muda wote nilikuwa namcheka. Chekhov alikuwa bado anasomea udaktari enzi hizo, anaandikia magazeti ya vichekesho ambako nafasi ni finyu, na kwenye nafasi hiyo hiyo ndogo akaweka mambo mazito hivi.

Ile ya O. Henry, ya mke aliyeuza nywele na mume aliyeuza saa, wameisoma vizuri, spidi tu iko juu kidogo.

Kwa Kate Chopin ndo nimeumia. Hadithi yake ya 1894, Bi Mallard mgonjwa wa moyo anaambiwa mumewe kafa kwenye ajali ya treni, anajifungia chumbani analia, afu taratibu anagundua sasa yuko huru, analirudiarudia hilo neno kwa kunong'ona. Anashuka chini, mlango unafunguliwa, mume huyo anaingia mzima kabisa, hata kwenye ajali hakuwepo. Mama anaanguka, anakufa. Madaktari wanasema moyo umeshindwa kuhimili furaha.

Hapo wameweka muziki wa kinanda, na msomaji akaivuta hiyo "furaha" kwa sauti ya kukejeli kabisa! Hapana jamani. Wale madaktari wanaamini wanachosema, nyumba nzima inaamini, sisi tunaosikiliza tu ndo tunajua alichokipoteza, na huo upweke wake ndo hadithi yenyewe. Ukishawakejeli madaktari umeshamwambia kila mtu siri ya yule mama.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Wakirudia kurekodi hiyo sentensi ya mwisho, ikasomwa kavu bila kinanda, nanunua tena.