Kupima mafuta ya mwili Sinza: niliambiwa mawili tofauti ndani ya siku tatu

Mizani yangu ya nyumbani tumeshazoeana. Ikishuka nusu kilo nashangilia, ikipanda nasingizia betri. Basi nilipoona bango nje ya jimu ya mtaani kwetu Sinza, kupima mafuta mwilini 10,000, nikaingia. Ilikuwa Jumatano saa kumi na moja jioni, natoka Kariakoo ninakoshona, tumboni nina chapati mbili, maharage na soda.

Kijana wa mapokezi hakuniuliza lolote. Nivue viatu, nivue bangili, nifute nyayo kwa kitambaa chenye maji maana nilikuwa nimejipaka mafuta ya nazi. Unakanyaga vibati vya chuma, unashika vishikio viwili, mikono unaitenga na mbavu, unatulia. Husikii kitu, ingawa umeme hafifu unapita mwilini. Misuli ina maji mengi, inaupitisha, mafuta yanauzuia. Kutokana na kizuizi hicho, pamoja na uzito, urefu, umri na jinsia, mashine inapiga hesabu. Yaani mafuta yenyewe haiyaoni, inakadiria.

Karatasi ikatoka: kilo 78.9, mafuta asilimia 38.9. Kijana akaisoma kwa sauti hadi wanaoruka kamba wakageuka. "Mama, hapa kazi ipo!" Nilimwitikia kwa kicheko cha aibu, nikaondoka na karatasi yangu.

Shoga yangu akaniambia nirudi Jumamosi asubuhi, nimtafute mwalimu wa kike. Huyo kabla sijavua hata kandambili alishauliza: dada, umekula? Umeenda haja ndogo? Una mimba? Umewekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo? Kumbe mwenye kifaa hicho hatakiwi kupanda kabisa, na mjamzito huambiwa asubiri. Na Jumatano nilipandishwa kama gunia la mchele.

Safari hii: kilo 77.6, mafuta asilimia 37.4. Nikapiga hesabu pale pale kwenye simu. Kutoka kilo 30.7 za mafuta hadi 29, kilo 1.7 zimeyeyuka kwa siku tatu? Hata ningefunga kula. Mwalimu akacheka, akasema chapati na soda zilipanda mizani pamoja nami, na sehemu ya uzito huo mashine ikaiandika kuwa mafuta.

Nilichokipenda ni kwamba inagawa mwili vipande. Mkono wangu wa kulia una misuli mingi kuliko wa kushoto, na wa kulia ndio wa mkasi! Hilo mizani ya nyumbani haitakuambia.

Halafu mwalimu akaomba futi kamba, yao imepotea. Nikatoa yangu mkobani. Kiuno sentimita 94, wakati kwa mwanamke Shirika la Afya Duniani linahesabu hatari ya maradhi kuanza kupanda akivuka 80. Mimi hupima viuno vya watu kutwa nzima, changu sikuwahi.

Nyota tatu: moja nimekata kwa yule kijana na mdomo wake, nyingine kwa karatasi inayofifia kama risiti, ipigeni picha mapema. Nitarudi baada ya miezi miwili, Jumamosi ile ile saa moja asubuhi, sijala, kwa mwalimu yule yule. Futi kamba nitakuja nayo.