Ufadhili wa Lexie's Law, Arizona: tathmini ya mzazi
Mwanangu mwenye usonji anasoma shule binafsi hapa Phoenix, Marekani, kwa ufadhili wa Lexie's Law, mpango ulioanzishwa mwaka 2009 baada ya Mahakama ya Juu ya Arizona kubatilisha vocha za serikali, yaani fedha za umma za kulipia shule binafsi, kwa watoto wenye ulemavu. Kampuni huchangia shirika la ufadhili linalowalipia watoto ada, kisha kiasi ilichotoa hukatwa kwenye kodi inayodaiwa na jimbo.

Darasa lake lina watoto wanane, na mwalimu humwonyesha kadi za picha kabla ya kila somo. Mwezi wa tatu aliinua mwenyewe kadi ya maji, akanitazama, nami machozi yakanitoka.

Hata hivyo, mzazi ajue anachokiacha. Sheria ya shirikisho, IDEA, huilazimu shule ya umma kumpa mtoto mwenye ulemavu elimu na huduma zinazomfaa bila malipo, ilhali mzazi akimhamishia shule binafsi kwa hiari yake, mtoto huipoteza haki hiyo. Tuliahidiwa mtaalamu wa matamshi mara mbili kwa wiki. Alikuja mara moja tu, na sikuwa na pa kushtakia. Ada nayo haikulipwa yote, na salio tunalilipa wenyewe kila mwezi. Kabla ya kusaini, dai kila huduma iandikwe kwenye mkataba.